Jino la Namba Saba

Kwenye jengo letu kuna chumba kimoja ambamo binadamu ni uchafu. Si viatu vyake wala vumbi la nguo zake, ni yeye mwenyewe. Ngozi inabanduka, mate yanaruka, unywele unadondoka, na kila kinachodondoka kina habari zake zote ndani. Mle chumbani wanaletewa meno na mifupa ya watu waliokufa zamani sana, wanaisaga kidogo ikawa unga, na kwenye unga ule wanatafuta vinasaba, wajue marehemu alitoka kwenye ukoo gani kwa baba na ukoo gani kwa mama. Chembe moja ya ngozi ya mtu aliye hai ikiangukia mle, basi, walio hai wana kelele, watawazima marehemu wote.

Anayekisafisha ni mimi. Mwaka wa kumi na moja huu. Mimi si wa kupitisha tambara katikati nikaacha kona. Napiga klorini ukutani, mezani, sakafuni, juu ya swichi, chini ya miguu ya viti, nafuta, halafu napiga tena. Jina langu liko kwenye faili la utumishi. Humu ndani ni Bi Klorini, na sijawahi kulikataa kwa sababu kuna majina mabaya zaidi ambayo watu wamepewa bila kuyafanyia kazi.

Mkuu wa maabara ni Profesa, mtu mrefu, mpole, ambaye hajawahi kurudisha kikombe jikoni tangu nimfahamu. Chini yake kuna binti mmoja fundi, kazi yake kukata meno na kuendesha mashine. Tunamwita Miwani, maana anazo tatu na zote hajui ameziacha wapi. Huyo ndiye anayenifundisha. Tukikutana kwenye karo ananiambia kilichopatikana wiki hiyo, nami namuuliza mpaka anachoka. Nikimaliza kumuuliza yeye naenda kumsimulia Mama nyumbani, na Mama ananiuliza mimi mpaka nachoka.

Mwaka huu walileta mifupa iliyopatikana nyuma ya chuo cha ualimu, mafundi walipokuwa wanachimba shimo la tangi la maji. Watu kumi na wawili, wamelazwa ubavu, kila mmoja na shimo lake: wanawake watano, wanaume wanne na watoto watatu. Wamekaa ardhini miaka mia saba, ongeza kidogo au punguza kidogo. Kwa kuwa hakuna aliyejua majina yao wakapewa namba. Mwanamke aliyezikwa katikati akawa Namba Saba.

"Mama, wewe fikiria hivi," Miwani aliniambia, mikono yake ikiwa na povu mpaka kwenye viwiko. "Kuna kipande cha vinasaba ambacho mtoto anapewa na mama yake tu. Wa kiume anapewa, wa kike anapewa, lakini wa kike peke yake ndiye anayekirithisha. Kwa hiyo chako ni cha mama yako, chake ni cha mama yake, na cha mama yake ni cha bibi yake, unarudi hivyohivyo. Kinabadilika herufi moja moja, kwa nadra sana."

"Na cha baba?"

"Cha baba kinakwenda kwa watoto wa kiume tu. Baba, babu, babu yake babu."

"Kwa hiyo mimi cha baba yangu sina?"

"Una vitu vyake vingine. Hicho huna."

Nilikaa na neno hilo siku nzima. Marehemu baba yangu alikuwa akisema nimechukua kila kitu kwake, hata hasira.

Baada ya miezi minne majibu yalianza kutoka, na Profesa akaanza kutembea haraka haraka. Wale wanawake watano na watoto watatu walikuwa na mstari mmoja wa mama, na mstari wenyewe haukuwemo kwenye kumbukumbu yoyote duniani. Wale wanaume wanne kila mmoja alikuwa na mstari wake, wa baba mbali, wa mama mbali. Hakuna waliofanana.

"Maana yake nini?" nilimuuliza Miwani.

"Maana yake wanawake ndio waliokuwa na kwao hapa. Wanaume walikuja kuoa, kila mmoja akitokea kwake, na wakazikwa ukweni."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Ukoo wa Profesa unajulikana mji mzima kwa kudai kwamba baba zao ndio walioanzisha mji huu. "Na baba zake Profesa?"

Miwani alitazama nyuma yake kwanza. "Hawamo," alisema kwa sauti ya chini. "Alijilinganisha mwenyewe siku ya kwanza."

Mkutano wa Jumatatu unafanyika kwenye meza ya chumba cha chai, na mimi huwa nipo kwa sababu vikombe huwa vipo. Profesa alisimama. Alisema kwamba mwezi ujao atautangazia ulimwengu ukoo mpya wa akina mama, na kwamba watu wasiwe na wasiwasi wa uchafu, kwani ameshayalinganisha majibu na orodha ya watumishi na hakuna aliyefanana nayo.

Orodha hiyo nilikuwa naisikia tu. Kila anayeingia chumba safi hutema mate kwenye kichupa, vinasaba vyake vinasomwa na kuwekwa. Mfupa ukija kusomeka sawa na mtumishi fulani, wanajua mara moja kwamba huyo si marehemu, ni fulani amekohoa.

"Samahani, Profesa," nilisema. "Kwenye hiyo orodha mimi nimo?"

Aligeuka. Miwani naye akageuka.

"Wewe ni wa usafi," Profesa alisema.

"Ndiyo. Na huwa naingia nikiwa na mwili wangu."

Miaka kumi na moja. Wamempima aliyekuja kufunga taa, wamempima mgeni aliyeingia mara moja kupiga picha, lakini mimi ninayeingia kila siku kabla yao hawakunipima. Hawakuwa na ubaya. Hawakunihesabu tu, kama vile mtu anavyohesabu watu waliomo ndani ya nyumba akaisahau hewa. Kwa kuwa nina mdomo, na kwa kuwa nilitaka kujua na mimi nasomekaje, nilikidai kichupa palepale nikatema mate. Hivyo ndivyo nilivyojipalia makaa mwenyewe.

Alhamisi ya wiki iliyofuata waliniita ofisini. Profesa alikuwa ameketi. Miwani alikuwa amesimama dirishani, macho mekundu, miwani hana.

"Bi Klorini," Profesa alisema, "umesomeka sawa na Namba Saba. Herufi kwa herufi."

Kwanza nilifurahi, lazima niseme ukweli. Nilijisikia kama mtu aliyeitwa jina lake kwenye umati. Halafu nikaziona sura zao.

Wanawake watano na watoto watatu wenye mstari mmoja ni ugunduzi mkubwa. Lakini mfagiaji mmoja aliyedondosha ngozi yake kwenye meno manane naye angetoa jibu lilelile.

"Haiwezekani," nilisema. "Uchafu wangu ungewarukaje wanaume? Nikipiga chafya, chafya haiulizi nani mke nani mume. Wale wanaume wanne mbona hawakusomeka kama mimi?"

Profesa aliinua kichwa. Niliona hoja imemwingia. Akamtazama Miwani, na Miwani akafungua daftari la kazi, akapitisha kidole, na kidole kikasimama.

"Meno ya wanawake na watoto niliyakata wiki ya pili ya mwezi wa tatu," alisema. "Ya wanaume nikayakata mwezi wa nne mwanzoni." Akanitazama. "Mama ulikuwa likizo. Chumba nilisafisha mwenyewe."

Ni kweli. Mwezi wa nne mwanzoni Mama alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, nikachukua siku kumi nikae naye. Hoja yangu nzuri ikanigeukia ikanishika shingo. Nilipokuwepo, majibu yalifanana na mimi. Nisipokuwepo, hayakufanana.

"Lakini vile vipande vinaonekana vya zamani," Miwani alisema haraka. "DNA ya zamani inakatikakatika na ncha zake zinachakaa, na hizi—"

"Vilikuwa vichache," Profesa alisema. "Vichache mno kuapa."

Aliamua mambo matatu. Kutangaza kumesimama. Yeye mwenyewe na Miwani wataenda stoo ya makumbusho, ambako mimi sijawahi kukanyaga, watoe mfupa wa sikio wa Namba Saba na wa mtoto mmoja, wautume kwenye maabara ya nchi nyingine. Mfupa ule ndio mgumu kuliko yote mwilini, na vinasaba hujificha humo vikadumu. Na mimi nirudishe ufunguo wa chumba safi mpaka majibu yaje. Yakija kwamba ni uchafu, kazi ya mwaka mzima imekwenda na maji, na mkataba wangu hautafanywa upya.

Nikauweka ufunguo mezani. Kufukuzwa kazi ningekuvumilia, watu wanafukuzwa kila siku. Kilichoniuma ni kwamba ningefukuzwa kwa uchafu. Mimi!

Nilifika nyumbani saa tisa mchana. Mama alikuwa barazani anamenya viazi, maganda membamba kama karatasi, maana tangu wamtoe mtoto wa jicho anataka kila mtu ajue kwamba anaona. Ana miaka themanini na moja. Nikamweleza yote. Nilitegemea anipe pole. Akaweka kisu chini.

"Kwa hiyo wana mwanamke aliyesomeka kama mimi?"

"Kama mimi, Mama."

"Wewe umekipata wapi kama si kwangu?"

Hilo lilikuwa jambo ambalo sikuwa nimelifikiria na yeye alikuwa amelifikia kabla viazi havijaisha. Mama hana upande wa mama. Mama yake alifika hospitali ya mji wa mbali akiwa na uchungu, yuko peke yake, akajifungua, akafariki kabla mtu hajapata nafasi ya kumuuliza jina. Kwenye faili waliandika "mwanamke, miaka ishirini na kitu". Muuguzi wa zamu akamchukua mtoto, akamlea vizuri, akahama naye kila alikohamishwa. Basi. Nilipokuja kuolewa mji huu wifi zangu walinichambua upande wa baba mpaka kwa mababu, walipofika upande wa mama wakaguna. Waliguna miaka yote mume wangu alipokuwa hai na wanaendelea kuguna sasa.

"Inaweza kuwa uchafu wangu tu, Mama," nilisema. "Usijipe moyo."

"Sijipi chochote. Nauliza. Alikuwa na meno mazuri?"

"Mazuri. Moja la mbele limelika pembeni, kama la mtu anayekata uzi kwa meno."

"Wewe umejuaje? Si umesema unafuta meza tu?"

Alikuwa amenishika. Nilichukua kiazi nikaanza kumenya ili nisimtazame. Wiki ile ya pili ya mwezi wa tatu, asubuhi moja, nilimkuta Namba Saba mezani, taya lake limetolewa kwenye boksi tayari kwa Miwani. Sijui kwa nini yeye kati ya wale kumi na wawili. Nilitaka kumwona. Vioo vya miwani yangu ya kusomea vilikuwa vimejaa mvuke kwa sababu ya barakoa, nikaishusha barakoa mpaka kidevuni, nikainama. Nilimwangalia jino moja moja. Halafu nikaipandisha, nikapiga klorini kila mahali mara tatu, na sikumwambia mtu.

"Kwa karibu?" Mama aliuliza.

"Kwa karibu."

"Ulipumua?"

"Mama, binadamu anapumua."

Alimenya viazi viwili vizima kwanza. "Kesho asubuhi kamwambie yule bwana," alisema. "Kama umemchafua, umemchafua. Lakini asije akahesabu vibaya kwa sababu yako."

Nikapiga moyo konde nikaenda. Profesa alinisikiliza mpaka mwisho, na rangi ya uso wake ikawa inabadilika kadiri nilivyokuwa nasema. Sikumwona akikasirika hivyo hata siku bomba lilipopasuka juu ya mashine.

"Kwa muda gani?" aliuliza.

"Muda wa kuhesabu meno."

"Yalikuwa mangapi?"

"Taya la chini, kumi na manne."

Mkono wake ukaenda kwenye daftari wenyewe, akaangalia, akatikisa kichwa kukubali. Hata kwenye hasira hakuweza kujizuia. "Ningekuandikia barua leo," alisema. "Lakini nikikufukuza leo nitakuwa nimeamua jibu kabla halijaja, na hilo silifanyi. Nenda kafagie ngazi."

Nikafagia ngazi kwa wiki sita. Nikafagia ukumbi, vyoo, maegesho, mpaka mahali ambapo hakuna aliyewahi kupaona. Chumba safi kina dirisha kubwa la kioo upande wa korido, na kila nilipopita nilimwona Miwani ndani amevaa suti nyeupe anasafisha. Anasafisha kama anayepaka mafuta ya ngozi. Kona ya kushoto chini ya meza aliiacha siku tatu mfululizo, nikagonga kioo nikamwonyesha kwa kidole, akainama akafuta. Tulikuwa hatuongei sana. Siku moja alitoka akanikuta kwenye karo, akasema, "Mama, mimi naamini ni wa zamani." Nikamwambia kuamini si kazi yake. Halafu nikaingia stoo ya mafagio nikalia, kwa sababu nilikuwa nimemjibu vibaya mtu pekee aliyekuwa upande wangu.

Nyumbani Mama hakuwa na huruma hata kidogo. Kila jioni alikuwa na swali jipya. Je, kama huyo mwanamke alikuwa na binti watatu na mmoja akahama, binti wa huyo aliyehama atasomeka vilevile? Ndiyo. Hata akihamia mji wa mbali? Hata akihamia mwezini, Mama. Na yule asiyezaa binti? Mstari wake unakatika hapo. "Basi mimi sikuukata," alisema, akanitazama kwa kuridhika. Mimi nina wavulana wawili. Sikumkumbusha.

Majibu yalikuja Jumanne asubuhi. Nilikuwa nasugua kitasa cha mlango wa ofisi ya Profesa, ambacho kilikuwa hakina doa, nilipomsikia ananiita.

"Bi Klorini, kaa."

"Nitasimama."

Aliigeuza skrini nione, ingawa nilichoona ni mistari na rangi tu. Miwani alikuwa amekaa pembeni yake, mikono mdomoni. Profesa alisema taratibu, kwa sauti ile anayowasomea wageni. Mfupa wa sikio ulikuwa umetunza vizuri kuliko walivyotarajia. Vipande ni maelfu kwa maelfu. Ni vifupi, ncha zimechakaa, jinsi zinavyochakaa za mtu aliyelala ardhini karne nyingi, na vya mtu wa leo haviwezi kuigiza hivyo. Mfupa wa mtoto nao ni hivyohivyo. Na mstari wa mama ni uleule uliosomeka mwanzo.

"Si uchafu," alisema.

"Sema tena."

"Si uchafu wako. Chumba changu kilikuwa safi. Samahani."

Nikakaa kwenye kile kiti nilichokikataa. Nililia mbele yao bila aibu yoyote, nimeshika tambara. Miwani naye akalia, na Profesa akaanza kupanga kalamu zake.

Kisha nikauliza lile nililolibeba wiki sita. "Kwa hiyo ni bibi yangu?"

"Ukirudi nyuma vizazi ishirini na nane hivi, anaweza kuwa. Mama wa mama wa mama, hivyo. Au alikuwa dada wa huyo bibi yako, au binti wa mama yake mdogo. Mstari ni mmoja, na ni mstari ambao hadi leo tumeukuta sehemu mbili tu duniani: kwenye makaburi yale na kwenye kichupa chako. Zaidi ya hapo nitakuwa natunga."

"Basi usitunge," nilisema. Nikafuta macho, nikasimama, nikanyoosha mkono. "Naomba ufunguo wangu. Ile kona ya kushoto inanisubiri."

Hakuutoa. Alivua miwani yake, na nikajua kuna jingine.

"Huwezi kuingia tena," alisema. "Miwani akidondosha ngozi yake juu ya jino, mashine itatuambia ni Miwani. Nikidondosha mimi, itaniumbua mimi. Wewe ukidondosha, hatutajua. Kwenye mstari wa mama wewe na Namba Saba mnasomeka kitu kimoja. Katika watu wote wa jengo hili, wewe ndiye pekee tusiyeweza kumtenganisha na yeye."

"Ngoja," nilisema. "Nilipodhaniwa mchafu nilitolewa. Nimethibitika msafi, natolewa?"

"Ndiyo."

"Kwa kuwa ni wa ukoo wake?"

"Kwa sababu hiyo tu."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni, na nilipoitafutia mtu wa kuimwagia sikumpata. Alichosema kilikuwa sawa. Ningekuwa mimi Profesa ningesema hivyohivyo. Alinieleza kwamba nitasimamia usafi wa jengo zima na nitamfundisha atakayeingia mle. Kisha akasukuma karatasi mezani kwa uangalifu, kama anayeogopa itaniunguza. Wanataka kupima jino jingine la Namba Saba, lile la mbele lililolika, safari hii kwa utaratibu kamili, na kanuni za kamati zinasema marehemu akipatikana na jamaa, jamaa aombwe ruhusa kwanza.

"Yaani mimi?"

"Hakuna mwingine tunayemjua."

Niliisoma karatasi yote, hata maandishi madogo ya chini. Penye "uhusiano na marehemu" Profesa alikuwa ameacha wazi. Niliandika: mtoto. Hakubisha. Nikamwambia sharti langu ni moja, siku hiyo mimi na Mama tutakuwepo kwenye kioo.

Ilikuwa asubuhi, saa nne. Mama alikuja na viatu vyake vya kutokea, akakataa kushikwa mkono kwenye ngazi nilizozifagia wiki sita, akafika juu anahema. Tulimwekea kiti koridoni mbele ya kioo. Hakukikalia. Ndani, Miwani alikuwa amevaa suti, glavu jozi mbili, barakoa, na kwenye sinia mbele yake kulikuwa na taya. Alipaswa kwanza kulifuta jino kwa klorini iliyozimuliwa, kuondoa kila kilichogusa juu, kabla hajakata. Ukutani kuna kidude cha kuongea na aliyemo ndani. Nikabonyeza.

"Punguza klorini," nilimwambia. "Hiyo ni ya sakafu. Na usisugue, futa. Upande uliolika nenda polepole."

Aliitikia kwa kichwa, akafuta polepole. Mikono yangu ilikuwa inafuta pamoja naye, hewani, na nilijiona mpumbavu na sikuiacha. Nimefuta kila kitu kwenye chumba kile kwa miaka kumi na moja, na hicho kimoja sitakifuta kamwe. Iliniuma, na nilifurahi. Yote mawili yalikuwepo, sikuona haja ya kuyapatanisha.

"Huyo hapo?" Mama aliuliza.

"Huyo hapo."

"Alikuwa na umri gani?"

Profesa, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akajibu. "Kwa meno yake, shikamoo mama, ishirini na mbili, ishirini na tatu."

"Marahaba," Mama alimjibu bila kugeuka. "Kumbe kasichana. Nina sufuria inayomzidi umri."

Miwani alilitoa jino kwenye taya kwa koleo ndogo, akalifuta upande wa mzizi, kisha, bila kuambiwa na mtu, akaja nalo mpaka kwenye kioo, akaliinua usawa wa macho ya Mama. Mama akasogeza pua mpaka ikagusa kioo. Aliliangalia muda mrefu kwa yale macho yake mapya. Halafu akaniuliza pa kubonyeza, nikamwonyesha, akabonyeza kwa kidole gumba.

"Shikamoo, mama," alisema.

Miaka mingi sijamsikia akimwamkia mtu hivyo. Waliomzidi umri wameisha wote, na mama wa kumwamkia hakuwahi kuwa naye hata siku moja. Miwani alisimama tuli ndani, jino likiwa juu. Profesa akainamisha kichwa. Mama hakuondoa kidole kwenye kile kidude. Akangoja kidogo, kama anavyongoja mtu yeyote aliyetoa salamu, kisha akaniambia sasa nimsogezee kile kiti, atakaa mpaka wamalize.